Treni Ndogo, Elimu Kubwa: Namna ya Kuusaka Ugonjwa wa Umeme Relini

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii wazee wetu waliitolea vyombo vya baharini, walakini leo naiazima kwa chombo cha nchi kavu, tena kidogo mno, kiasi cha kuingia mfukoni mwa kanzu. Nasema juu ya treni za mfano, zile zinazotandikiwa reli juu ya meza, zikapita katika vijimji vya karatasi na plasta, zikawasha taa, zikapiga honi na kusimama stesheni kwa amri ya mtu aliyeketi kando na kidude mkononi.

Wako watu ambao wakisikia mtu mzima mwenye wajukuu hushinda chumbani na vitu kama hivi, hucheka chini kwa chini na kusema, "Maskini, uzee umemrudisha utotoni." Msomaji mpenzi, kabla ya kucheka, inama utazame chini ya meza. Huko hutaona mchezo wa mtoto. Utaona nyaya za rangi zilizopangwa kama mishipa ya mwili, utaona viungo vilivyotiwa lehemu, na utaona kazi ambayo fundi akiikosea hupoteza maelfu ya shilingi kwa kufumba na kufumbua, au akaitia moto nyumba aliyomo. Ndiyo maana nikaona yafaa tuizungumze kazi hii kwa marefu na mapana, kwa faida ya vijana wetu wanaopenda ufundi wa umeme na wazee waliotumikia reli.

HAMBURG NA BANDARI YA VIUNGO

Anayetaka kuona kilele cha ufundi huu na aende Hamburg, Ujerumani. Mji huo si mgeni katika tarehe ya pwani yetu. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na maskani yao Unguja tangu zama za masultani, na Bi Salme, binti wa Seyyid Said, aliishi huko baada ya kuolewa na mmoja wao mwaka wa 1867 na kuitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka wa 1870 kwa ajali ya tramu, nalo ni gari la relini. Kaburi la bibi huyo liko katika makaburi ya Ohlsdorf mjini humo hadi leo.

Kando ya maji ya mji huo yapo maghala makubwa ya matofali mekundu yaitwayo Speicherstadt, yaliyoanza kujengwa mwaka wa 1883. Zamani yalijaa kahawa, chai na viungo kutoka nchi za mbali. Ndani ya ghala mojawapo, mnamo Agosti 16, 2001, ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, waliwafungulia watu dunia yao ndogo iitwayo Miniatur Wunderland. Humo mna milima ya Uswisi, bandari ya Hamburg, miji ya Italia, na hata uwanja wa ndege uliofunguliwa mwaka wa 2011. Treni ni zaidi ya 1,000, na reli zake zikinyooshwa zapita kilomita 15.

Ili upate picha ya urefu huo, fanya hesabu ndogo. Treni hizo zimepunguzwa mara 87. Yaani kitu cha mita 87 huwa mita moja. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ina kilomita zipatazo 470. Igawe kwa 87, utapata kama kilomita 5 na nusu kasoro kidogo. Basi katika ghala lile mtu angeweza kutandika njia yote ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, akairudisha Mombasa, na reli zikabaki. Upana wa reli ile mpya ni milimita 1,435. Ukigawa kwa 87 wapata milimita 16 na nusu, na huo ndio upana wa reli za mfano za kipimo hicho.

Sasa jiulize: treni elfu moja na zaidi zawezaje kwenda pamoja, hii ikaenda mbio, hii ikapunguza, hii ikarudi nyuma, wala zisigongane?

UPEPO MMOJA KWA MAJAHAZI YOTE

Zamani treni za mfano ziliendeshwa kwa njia nyepesi. Umeme wa volti 12 hivi ulitiwa relini. Reli moja chanya, nyingine hasi. Ukiuongeza, treni ilikwenda mbio. Ukiupunguza, ilikwenda polepole. Ukiugeuza, ilirudi nyuma. Tatizo ni kuwa umeme huo ulikuwa kama upepo wa kaskazi. Kaskazi ikivuma, majahazi yote yaelekea upande mmoja. Hakuna nahodha awezaye kuuambia upepo umpeleke yeye Lamu na mwenziwe Pemba. Ukiweka vichwa viwili vya treni katika reli moja, vyote viliondoka pamoja. Fundi akitaka kuvitenganisha, ilimlazimu kuikata reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake.

Njia ya dijitali ikaja kuliondoa tatizo hilo. Humo umeme hujaa relini wakati wote, kiasi cha volti 14 hadi 16 kwa treni za kipimo kile cha 87, na ndani ya umeme huo huo hupitishwa maneno. Kila kichwa cha treni kimetiwa kijibao kidogo chenye chipu, kiitwacho dikoda, na kila dikoda ina namba yake. Amri ikitoka, "Namba 24, nenda mbele kwa kasi ya kumi," treni zote huisikia, lakini ni namba 24 peke yake inayoinuka. Ni kama chuoni: mwalimu akimwita Ali asome, wanafunzi wote husikia, ila anayesogeza ubao ni Ali.

Njia inayotumiwa zaidi duniani ilibuniwa Ujerumani na Bernd Lenz mwishoni mwa miaka ya 1980. Chama cha wapenda treni za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoundwa mwaka wa 1935, kilizipima njia zilizokuwako, kikaichagua hiyo, na mwaka wa 1994 kikaifanya kuwa kanuni iliyo wazi kwa kila kiwanda. Faida yake ni kubwa. Mtu anunuapo dikoda ya kiwanda kimoja aweza kuiendesha kwa mtambo wa kiwanda kingine, kwani vyote vyasema lugha moja.

HARAKATI NA MADDA

Lugha hiyo yenyewe ina herufi mbili tu: moja na sufuri. Nazo hazitofautishwi kwa nguvu ya umeme, bali kwa urefu wa muda. Umeme hugeuka upande huu na upande huu bila kukoma. Katika herufi ya moja, kila nusu huchukua sehemu 58 za milioni moja za sekunde. Katika sufuri, kila nusu huchukua sehemu 100 au zaidi. Aliyesoma Kurani hatapata taabu kulielewa jambo hili. Anajua kuwa harakati fupi ni kitu kimoja na madda ni kitu kingine, na kwamba ukivuta pasipo na madda, au ukakatisha penye madda, maana hubadilika. Dikoda nayo husikiliza vivyo hivyo: fupi ni moja, ndefu ni sufuri.

Kila amri huanza kwa kubisha hodi, yaani kwa herufi za moja zisizopungua 14 zikifuatana. Kisha huja namba ya mwenyewe, kisha amri, na mwisho huja jumla ya kuhakikisha. Dikoda huihesabu jumla ile kama karani wa bandari ahesabuvyo magunia. Ikiwa hesabu haikulingana, huitupa amri yote isiifuate. Kwa kuwa huenda amri ikapotea njiani, mtambo huirudia tena na tena, na katika sekunde moja hupita amri zaidi ya mia.

Nimeyaeleza haya kwa sababu maradhi mengi ya treni hizi asili yake ni hapa. Gurudumu likiwa chafu, au kiungo kikilegea, treni hukosa nguvu na hukosa maneno pia. Ni kama mtu aliyekatiwa chakula na habari kwa pamoja.

NYAYA CHINI YA MEZA

Anayeanza kazi hii hudhani kuwa nyaya mbili za kutoka kwenye mtambo hadi relini zatosha. Kwa meza ndogo, huenda zikatosha. Lakini reli zikirefuka, umeme huchoka njiani, na vile vibati viunganishavyo reli na reli havikutengenezwa kuwa njia kuu ya umeme. Baada ya muda hulegea na kushika uchafu.

Mafundi wazuri hupitisha nyaya mbili nene chini ya meza kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mabomba makuu ya maji ya mtaa. Kutoka katika nyaya hizo nene huchomoza vijiwaya vyembamba vinavyokwenda kulehemiwa relini, kila baada ya mita moja au mbili, na ikiwezekana kila kipande cha reli kipate chake. Nyaya nene ziwe za rangi mbili, na rangi isibadilike hata siku moja: nyekundu reli ya huku, nyeusi reli ya huku.

Je, unene una maana gani? Tupige hesabu. Mtambo uko mita 6 kutoka treni ilipo. Umeme waenda mita 6 na kurudi mita 6, jumla mita 12. Ukitumia waya mwembamba wa shaba wenye eneo la milimita mraba 0.2, kizuizi chake hufika omu moja. Treni zikivuta ampea 3, volti 3 hupotea njiani. Katika volti 15 umepoteza moja katika kila tano. Ukitumia waya wa milimita mraba 2.5, ule ule utumikao katika soketi za nyumba, hasara haifiki hata theluthi moja ya volti. Tofauti ya bei ni ndogo. Tofauti ya mwendo ni kubwa.

JARIBIO LA SARAFU

Sasa nije kwenye jambo la hatari. Mtambo wa dijitali una sehemu iitwayo busta, nayo ndiyo itoayo nguvu relini. Busta ina kinga: zile reli mbili zikigusana, yaani ikipiga shoti, hukata umeme mara moja. Lakini busta hujua kuna shoti pale tu umeme unapopita kiwango chake, tuseme ampea 5. Ikiwa nyaya ni nyembamba na viungo ni dhaifu, hata chuma kikiangukia reli kule mwisho, umeme hauwezi kufika ampea 5; utafika 4, na busta itadhani ni treni tu zinazovuta. Basi zitabaki kupita wati 60, kadiri ya balbu ile ya zamani ya sebuleni, na sehemu kubwa ya joto hilo hukusanyika katika kiungo kimoja au gurudumu moja. Plastiki huyeyuka, na reli iliyo juu ya mbao na karatasi haiko mbali na moto.

Dawa ni jaribio jepesi. Chukua sarafu, uilaze juu ya reli mbili, mahali pamoja baada ya pamoja, hasa palipo mbali na mtambo. Kila mahali busta lazima ikate papo hapo. Isipokata, usiendeshe treni hapo hata moja mpaka uongeze vijiwaya au unenepeshe nyaya. Na jaribio hili ni la reli za volti chache peke yake. Mtu asithubutu kulifanya mahali pengine popote penye umeme.

NANI, WAPI, LINI

Treni ikigoma, wengi hukimbilia kuifungua. Hapo ndipo hasara huanza. Fundi wa kweli hufanya kama tabibu, na kama kadhi, huuliza kwanza. Maswali ni matatu: nani, wapi, na lini. Ni treni moja inayogoma au zote? Ni mahali pamoja au kila mahali? Ni wakati wote au mara nyingine?

Namkumbuka mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeitumikia reli tangu ujana wake, naye ana meza ya treni ghorofani kwake. Jioni moja kichwa cha treni kilisita kwenye kona ya mbali, kikazima. Mjukuu wake akasema, "Babu, hiki kimekufa. Bora tumwambie ami atuletee kingine kutoka Dubai."

Mzee akajibu, "Hakijafa, mwanangu, kimenyamaza. Maiti ana hukumu yake, na aliyenyamaza ana sababu yake. Hebu lete kichwa cha pili ukiweke pale pale."

Kichwa cha pili nacho kikazima pale pale. "Umeona?" akasema mzee. "Vichwa viwili haviwezi kufa mahali pamoja. Shitaki njia, usimshitaki msafiri."

Wakachukua mita ya kupimia umeme. Karibu na mtambo volti zilikuwa 15. Kwenye kona, treni ikiwa inavuta, zilikuwa 11. Nasema treni ikiwa inavuta, kwa sababu njia isiyo na mzigo hudanganya: huonyesha volti kamili hata kiungo kikiwa kibovu. Tena mita ya kawaida haipimi umeme huu kwa usahihi, lakini kwa kulinganisha hapa na pale yatosha. Wakafuata reli kidole kwa kidole hadi wakafika kwenye kibati kilichofanya ukoga, na mbele yake hapakuwa na kijiwaya hata kimoja. Mzee akalehemu kijiwaya, treni ikapita. Gharama ilikuwa shibiri moja ya waya na tone la lehemu. Kichwa kipya kingegharimu maelfu.

Ikiwa ugonjwa ni shoti isiyoonekana, kuna hila ya kugawa. Ondoa treni zote relini kwanza, maana huenda shoti imo ndani ya treni. Shoti ikibaki, kata nusu ya reli. Ikiondoka, basi imo katika nusu uliyoikata. Isipoondoka, imo katika nusu iliyobaki. Igawe nusu hiyo tena. Reli iliyopangwa kwa mafungu 16 haihitaji majaribio 16. Manne yatosha: kutoka 16 hadi 8, hadi 4, hadi 2, hadi moja. Mwenye pupa hufungua kumi na sita. Mwenye akili hugawa mara nne. Ndiyo sababu yafaa meza igawanywe kwa mafungu tangu siku ya kwanza, kila fungu na swichi yake.

KITANZI NA NJIA PANDA

Kuna shoti moja inayowatesa wengi, nayo haitokani na kitu kilichoanguka, bali na umbo la njia yenyewe. Chora njia inayokwenda, ikazunguka kama kitanzi cha kamba, ikarudi kujiunga na nafsi yake. Fuata reli ya kulia kwa kidole. Utaona ikirudi inakutana na reli ya kushoto. Chanya imekutana na hasi, nayo ni shoti iliyojengwa kwa mkono wa mwenyewe. Hapo pana dawa moja: reli zote mbili zikatwe katika ncha zote mbili za kitanzi kwa viungo vya plastiki, na kitanzi kipewe umeme kupitia kifaa kinachogeuza mkondo chenyewe mara treni inapoingia. Kitanzi kiwe kirefu kuliko treni ndefu kupita zote, la sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavuka mikato yote miwili kwa wakati mmoja, na ugomvi utarudi.

Kisha kuna pointi, kama wafanyakazi wa reli waiitavyo, pale njia moja inapogawanyika mbili. Katikati yake reli mbili hukatana, na kipande kile cha makutano lazima kibadilishe upande kila pointi inapogeuzwa. Kisipobadilishwa, au swichi yake ikichelewa, treni huzima au hupiga shoti hapo hapo kila inapopita. Ukiona treni inasita juu ya pointi peke yake, usihangaike na kwingine.

NDANI YA KICHWA

Tuseme maswali yote yameonyesha kuwa mkosa ni treni moja. Anza na uchafu. Futa magurudumu na reli kwa kitambaa na spiriti ya duka la dawa. Msasa usiutumie, kwani huacha mikwaruzo ambayo hushika uchafu zaidi.

Kisha tazama namba. Dikoda mpya aghalabu hutoka kiwandani na namba 3. Ikiwa hujui namba ya treni uliyoinunua mkononi mwa mtu, mwite 3 kwanza. Dikoda ina orodha ya mipangilio yenye namba zake: 1 ni anwani, 2 nguvu ya kuanzia, 3 upole wa kuongeza kasi, 4 upole wa kupunguza. Huenda treni unayodhani imekufa ikawa imepangwa kuondoka kwa upole uliopita kiasi. Taa zikiwaka na kuzimika kila unapoongeza kasi, dikoda na mtambo havikukubaliana idadi ya hatua za kasi. Tazama mpangilio namba 29. Na ukipotea kabisa, dikoda nyingi hurudi hali ya kiwandani ukiandika 8 katika mpangilio namba 8.

Anayetia dikoda kwa mkono wake na ashike rangi hizi kama alifu na be. Nyekundu hutoka magurudumu ya kulia, nyeusi ya kushoto. Rangi ya chungwa na ya kijivu huenda kwenye mota. Nyeupe ni taa ya mbele, manjano taa ya nyuma, na buluu ni njia ya pamoja ya taa zote. Kabla ya kuunga chochote, pima kwa mita: mota isiwe na mawasiliano yoyote na magurudumu wala na bodi ya chuma. Ikiwa yapo hata kidogo, umeme wa relini utaingia dikoda kwa mlango wa kutokea, na utaona moshi mdogo. Moshi huo ndio mwisho wa dikoda. Kisha iweke treni kwanza kwenye reli ya darasa, yaani kipande kilichotengwa ambacho mtambo hukipa umeme mchache. Hapo kosa la waya huonekana bila kuunguza kitu.

BAHARI YETU NA STIMA YETU

Vitabu vya Ulaya havisemi habari ya upepo wetu wa chumvi. Sisi tuishio karibu na maji twajua kinavyofanya chuma cha dirisha. Mtu wa pwani asinunue reli za chuma cha kawaida. Atafute zile za aloi ya nikeli na shaba. Avifunike vyombo vyake usiku, na asitegemee vibati vya kuungia hata kidogo. Lehemu ndiyo salama yake.

Na ukiletewa vyombo na jamaa, tazama kibandiko cha transfoma. Vya Uingereza na Omani vitaelewana na soketi zetu. Vya Marekani vimetengenezwa kwa volti 120. Ukivitia katika stima yetu ya 240 bila kuangalia, vitaungua kabla hujasema bismillahi. Na stima ikipotea, chomoa mtambo, kwani inaporudi huwa na kishindo.

FAIDA NI IPI?

Atauliza mtu, yote haya ya nini? Nami namjibu kwa mambo mawili.

Kwanza, kijana aliyejifunza kuuliza nani, wapi na lini chini ya meza ya treni, amejifunza kuitengeneza pampu ya maji, pikipiki, na nyaya za msikiti wa mtaa wake. Mazoea ya kutupa kila kinachonyamaza na kununua kingine yametufilisi na kutuua mafundi.

Pili, ni hifadhi. Reli ya zamani, ile iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, ilikuwa ya upana wa mita moja. Tangu mwaka wa 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi wamehamia reli mpya. Wazee waliojua kila kona, kutoka Changamwe, Mazeras, Mariakani hadi Voi, wanaondoka mmoja mmoja. Yuko nani atakayemwonyesha mjukuu jinsi treni ilivyopita kando ya msikiti wa Mackinnon Road, penye kaburi la Sayyid Baghali? Reli ya mita moja ikigawanywa kwa 87 ni kama milimita 12, na reli za upana huo huuzwa. Mwenye mbao, subira na kumbukumbu aweza kuirudisha njia ile chumbani mwake, stesheni kwa stesheni, kabla wanaoijua hawajakwisha. Wazee wa reli, msikae na elimu hiyo barazani. Iwekeni mezani, vijana wawatilie nyaya.

Nami kwa kuwa sizoei kuweka kalamu chini bila kutunga, nawaachia ubeti huu mmoja:

Ukiona imekwama, usikimbilie nyundo,
Keti chini ukipima, ukiandama mkondo,
Kosa halina alama, hujificha kama pindo,
Mwenye pupa hulalama, subira ina kishindo.